Kuvua gauni na glavu bila kujipaka uchafu

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kutunza wazee huku Marekani, kuvaa mtafundishwa vizuri. Mimi nawahofia kwenye kuvua, saa mgongo unauma na kengele ya chumba cha pili inalia.

Kuvaa: nawa, gauni, barakoa, miwani, glavu mwisho, zifunike pindo za mikono ya gauni.

Sasa kuvua. Glavu ndizo chafu kuliko vyote, kwa hiyo zitangulie. Shika ya kwanza kwa nje, ivute ijipindue, uifumbate kwenye mkono wenye glavu. Kisha penyeza vidole vitupu ndani ya ile ya pili, uivue ikiimeza ya kwanza. Miwani ivuliwe kutoka nyuma. Gauni fungua kamba, ligeuze huku ukigusa upande wa ndani tu, likunje, litupe humo humo chumbani. Usitoke nalo koridoni hata kama ni hatua mbili. Barakoa ya N95, ile nzito inayochuja chembe ndogo sana za hewani, ivue ukishatoka na kufunga mlango, mpira wa chini kwanza, bila kugusa mbele. Nawa.

Kwa mzee anayeharisha kwa C. diff, bakteria wa utumbo, sanitaiza haitoshi, kwani spiriti haiui mbegu za bakteria huyo. Sabuni na maji ya bomba, kila mara.

Jambo linaloniuma zaidi ni glavu moja kutumika kwa kila kitu. Ukishabadilisha nepi, vua, safisha mikono, vaa mpya kabla hujagusa mpira wa mkojo au kumpa mzee rimoti yake. Maambukizi ya mkojo yanaweza kumchanganya mzee akili.

Tangu Aprili 2024, makao ya wazee yanayolipwa na Medicare au Medicaid, bima za afya za serikali, yanatakiwa kuvalisha wahudumu gauni na glavu wanapomwogesha, kumvisha au kumnyanyua mzee mwenye kidonda sugu au mpira mwilini kama ule wa mkojo, hata kama haonyeshi maambukizi. Kumpelekea chai hakuhitaji gauni, naye ana haki ya kula ukumbini na wenzake. Msimfungie ndani.

Na mzungumze naye. Bibi mmoja ninayemhudumia ana masikio mazito, huwa anafuata midomo, na barakoa inamnyima hiyo. Namwandikia kwenye kibao kwa herufi kubwa ninachotaka kufanya, nangoja aitikie kwa kichwa, ndipo namgusa.