Kuongoza shifti ya usiku ghalani: panga kazi kwa usingizi wa watu, si kwa foleni ya malori

Ghala letu liko Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Nyerere. Usiku tunashusha makontena yanayotoka bandarini na kupakia malori ya mikoani: unga wa ngano, sukari, sabuni. Tunaingia saa 2 usiku, tunatoka saa 12 asubuhi. Mwongozo huu ni kwa aliyekabidhiwa shifti hiyo kwa mara ya kwanza.

1. Fika nusu saa kabla ya vijana wako

Msimamizi wa mchana ana haraka ya daladala, na hapo ndipo utakapopigwa. Usipokee maneno, pokea mzigo. Kama kuna kontena lililoshushwa nusu, hesabuni pamoja kilichoko chini, muandike, msaini wote wawili. Akikwambia "hiyo tumeshamaliza, we endelea tu", mwombe kwa heshima mwende mkaione.

2. Gawa usiku kabla hujagawa watu

Hapa wengi wanakosea. Wanafuata foleni: lori lililotangulia, lipakiwe. Mimi nilifanya hivyo mwaka mzima, mpaka alfajiri moja niliposaini mifuko 1,200 ya unga wa kilo 25 wakati iliyoshuka ilikuwa 1,160. Mifuko 40, yaani paleti (jukwaa la kupangia mzigo) moja kamili: mifuko 5 kila safu, safu 8. Karani wa tali, yaani anayehesabu mzigo kwa kupiga mistari kwenye karatasi, hakuiba. Ilikuwa saa 10 alfajiri, alisinzia akiwa amesimama, akapiga mstari mmoja wa ziada. Nami nilisinzia juu ya saini.

Kati ya saa 9 usiku na saa 11 alfajiri mwili unadai kulala, hata wa aliyelala vizuri mchana. Ukali haubadilishi hilo. Kwa hiyo kazi za hesabu, hasa makontena yenye bidhaa mchanganyiko, ziweke kati ya saa 2 na saa 7. Saa zile mbaya zipe kazi za miguu: kufagia, kurudisha paleti tupu, kusogeza mzigo wa kesho karibu na mlango. Lori likikulazimisha upakie saa 10, weka makarani wawili, kila mmoja na karatasi yake, wasionyeshane mpaka mwisho.

3. Kupokea

Soma namba ya lakiri (kifungio cha mlango wa kontena) na uilinganishe na karatasi kabla ya kuikata. Piga picha. Kisha fungua mlango mmoja taratibu, watu wakae pembeni, kwa sababu mzigo uliohama njiani huegemea mlango. Magunia yaliyolowa yaweke kando na yahesabiwe mbele ya dereva, maana akishaondoka unyevu utakuwa wako.

4. Kutoa

Kabla foklifti (gari la kunyanyulia paleti) haijapanda kwenye lori, ufunguo wa lori uwe mfukoni mwako na tairi ziwekewe vigingi. Madereva wengine hukasirika. "Mzee wangu, ufunguo nitakurudishia na chai," namwambia, na mara nyingi inatosha. Dereva aliyeshtuka usingizini akawasha gari wakati foklifti iko ndani, hilo sitaki kuliona.

Bidhaa itakayoisha muda mapema ndiyo itoke ghalani kwanza, hata kama iko nyuma ya rundo. Sambaza uzito: mzigo wote ukirundikwa nyuma, jumla inaweza kuwa halali lakini ekseli zikazidi, na mizani ya malori ya Vigwaza, njia ya Morogoro, itakurudishia simu asubuhi ukiwa kitandani.

5. Chakula na posho

Mapumziko ni saa nzima, kuanzia saa 7. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka angalau dakika 60 kwa anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5, na nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Kagua mwenyewe kama nyongeza hiyo imo kwenye malipo ya vijana. Anayehisi kadhulumiwa hatahesabu mifuko yako vizuri. Dereva wa foklifti nimemwachisha ugali mzito wa saa 7, asije akasinzia. Tumekubaliana ale nusu, nusu asubuhi.

6. Makabidhiano

Saa 11 na nusu simamisha kupakia. Kusanya karatasi, linganisha tali mbili pale ulipoweka makarani wawili, andika kwa wino, si penseli, kilichobaki njiani na kilichoharibika. Akifika msimamizi wa mchana, mzungushe ghala lote kama ulivyomdai akuzungushe jana, hata kama daladala yako inapiga honi nje.