Ukiitwa na tume ya uchunguzi ya Bunge: namna ya kujiandaa hapa Lubumbashi

Barua ya mwito kutoka kwa tume ya uchunguzi huwatisha watu wengi, hasa wafanyakazi wa idara za jimbo waliozoea kuandikiwa na wakubwa wao tu. Kabla ya kumpigia simu mbunge mnayejuana, isome mpaka mwisho na utafute mambo mawili: ni baraza lipi lililoiunda tume hiyo, na limeituma ichunguze nini. Ikiwa barua haitaji azimio lolote la baraza lililoiunda tume, ijibu kwa maandishi na kwa adabu, ukiomba nakala ya azimio hilo.

Ibara ya 138 ya Katiba ya Kongo (DRC) ya 2006 inalipa Baraza la Taifa na Seneti njia kadhaa za kuisimamia Serikali, mashirika na huduma za umma, zikiwamo tume ya uchunguzi na kuhojiwa mbele ya kamati. Ibara ya 197 nayo inalikabidhi Bunge la Jimbo usimamizi wa Serikali ya jimbo na huduma za umma za jimbo na za mitaa. Ndiyo sababu mambo ya Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali, ingawa makao yake yako mjini kwetu, huamuliwa Kinshasa, ilhali madaftari ya ushuru wa jimbo letu la Haut-Katanga yanawahusu wabunge wa hapa.

Je, unaweza kulazimishwa kufika? Ibara hizo mbili hazitaji adhabu ya shahidi anayekataa, na ile ya 138 imeyaacha masharti ya kazi hiyo kwa kanuni za ndani za kila baraza. Kwa hiyo omba kuzisoma kanuni za baraza lililokuita. Ubelgiji ilikwenda mbali zaidi, kwani sheria yake ya tarehe 3 Mei 1880 inairuhusu tume ya Bunge kuwaapisha mashahidi, na anayekataa kufika au anayesema uongo anaweza kuadhibiwa. Tume ya Bunge hilo iliyochunguza kuuawa kwa Patrice Lumumba, aliyepigwa risasi hapa Katanga mnamo Januari 1961, ilitoa ripoti yake mwaka 2001. Kwetu, nguvu ya tume huonekana zaidi baada ya ripoti: inaweza kumfikisha waziri kwenye kura ya kutokuwa na imani naye, na faili linaweza kuishia parketi, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka. Kwa maoni yangu, anayekataa kwenda kwa kiburi anawaachia wengine nafasi ya kumsemea.

Kuhusu hati, uwe mkali. Peleka fotokopi, hati za asili zibaki mahali pake, na kila ukurasa upewe namba. Andika orodha ya vyote unavyotoa katika nakala mbili, kisha sekretarieti ya tume igonge muhuri na tarehe kwenye nakala yako. Pasipo muhuri huo, karatasi ikipotea utaambiwa hukuileta. Hati zikiwa mali ya idara, mjulishe mkuu wako kwa barua kabla ya kuzitoa.

Mbele ya tume, sema uliyoyaona mwenyewe, na uliyoyasikia uyataje kuwa umeyasikia. Ukihisi kwamba maswali yanakugeuza mshtakiwa, omba muda wa kumwona avoka (wakili). Mwishoni utapewa PV, yaani maandishi ya mahojiano yako, utie sahihi. Kwa kawaida huandikwa kwa Kifaransa. Usipoielewa, omba usomewe kwa Kiswahili, ambacho Katiba inakitambua kuwa lugha ya taifa, na sentensi isiyo yako irekebishwe kabla kalamu haijagusa karatasi.