Kupaka retinoli Lubumbashi bila kuunguza uso

Retinoli ni aina ya vitamini A inayopakwa usoni kupunguza mikunjo na madoa. Kabla ya kulipa, soma namba kwenye lebo. Anayeanza atafute asilimia 0,2 au 0,3. Ile ya 1 ni ya ngozi iliyokwisha kuzoea. Mwanga na hewa huiharibu retinoli, kwa hiyo tyubu ya bati au chupa ya pampu isiyopitisha mwanga ni bora. Kichupa cha kioo kinachoshinda juani kwenye meza ya soko kiache hapohapo, hata bei ikiwa tamu.

Inapakwa usiku. Nawa kwa sabuni laini, ngoja dakika 20 uso ukauke kabisa, maana ngozi yenye majimaji huwashwa zaidi. Paka vaselini kwenye kona za macho, pua na mdomo. Minya kiasi cha punje moja ya mahindi, basi, hiyo ni ya uso mzima: nukta kwenye paji, kila shavu na kidevu, halafu sambaza. Juu yake paka mafuta ya kulainisha yasiyo na manukato. Kiangazi, midomo inapopasuka kwa ukavu, tanguliza mafuta, kisha retinoli, kisha mafuta tena.

Mwezi wa kwanza, siku mbili kwa wiki zinatosha. Kubabuka kidogo ni kawaida. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, hivyo fuata joto na mchomo: ukiusikia, simamisha mpaka upone, urudi mara moja kwa wiki. Ukilazimisha, pale palipoungua patabaki madoa meusi ya miezi, na wengi huinunua retinoli kuyaondoa madoa hayohayo. Limau na kusugua kwa sukari viache kabisa.

Anayejichubua asianze. Krimu zenye klobetasoli, dawa kali ya steroidi, hupunguza unene wa ngozi, na retinoli juu yake ni moto. Aliyezitumia muda mrefu asiziache ghafla pia, uso unaweza kulipuka. Amwone daktari wa ngozi kwanza.

Mchana ni krimu ya kinga ya jua, SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi, mistari miwili iliyominywa juu ya vidole viwili kwa uso na shingo. Baridi ya asubuhi ya Juni hudanganya: mji uko mita 1.200 hivi juu ya bahari na jua ni kali.

Mjamzito, au anayetafuta mimba, asitumie. Wengine wasihesabu mikunjo kabla ya miezi 3.