Kuiombea shule ya kata fedha za unasihi: maelezo ya mhasibu mstaafu wa Kibosho

Nikiwa mhasibu wa halmashauri, barua hii niliipokea mara nyingi: "YAH: OMBI LA MWANASAIKOLOJIA WA SHULE." Aya mbili za masikitiko, muhuri, saini ya mkuu wa shule. Niliipeleka masjala na huko ndiko ilikozikwa. Sikuwa na roho mbaya. Barua haikutaja kiasi, haikutaja kasma, yaani mstari wa bajeti unaolipia, na ilifika Aprili, vitabu vya bajeti vikiwa vimeshakwenda Dodoma. Leo nimestaafu, ni mwenyekiti wa bodi ya sekondari ya kata hapa Kibosho, Moshi, na mwaka juzi mwenye kuandika barua nikawa mimi.

Mwalimu wetu wa malezi ni mama mmoja aliyekuwa akifundisha Baiolojia vipindi 26 kwa wiki. Watoto alikuwa akizungumza nao chini ya mparachichi, kando ya uwanja wa mpira. Binti akilia, timu nzima inajua.

Kabla ya kuandika chochote, tenganisheni mtu na huduma. Mtu ni mshahara, na mshahara hauombwi kwa barua ya bodi. Nafasi huingizwa kwenye ikama, yaani orodha ya watumishi wanaohitajika na halmashauri, kibali kikatoka Utumishi, ofisi ya serikali kuu inayosimamia ajira. Mkurugenzi akikupenda vipi, hana mamlaka ya kukuajiria mtu wa mshahara wa serikali. Kwa hiyo nendeni kwa ofisa utumishi wakati ikama inaandaliwa, na muombe Afisa Ustawi wa Jamii wa kata. Kada hiyo ipo na inafahamika. Ukiandika "mwanasaikolojia wa shule" unamlazimisha mtu wa ofisini aanze kutafuta unachomaanisha, naye ana mafaili arobaini mengine. Hilo litachukua miaka, liacheni liende taratibu.

Huduma, yaani unasihi wenyewe wa kuwasikiliza na kuwashauri watoto, ndiyo inayopatikana mapema.

Msikimbilie ruzuku ya shule. Tangu elimu bila malipo ianze 2016, sekondari imepangiwa sh 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na nusu yake ni ya vitabu. Sisi tuna wanafunzi 480, kwa hiyo inayobaki ni milioni 6, yaani laki tano kwa mwezi, ikiwa imekuja yote. Humo mna chaki, mitihani, ukarabati na michezo. Mkuu wa shule ukimwambia atoe na ya unasihi atakuitikia kwa heshima, kisha hutaona kitu. Mfuko wa Jimbo nao unaweza kuwasaidia kujenga chumba, ila haulipi nauli ya kila mwezi.

Fungu la kulenga ni mapato ya ndani ya halmashauri, tena chini ya ustawi wa jamii, si chini ya elimu. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Fungu la elimu lina madarasa, vyoo na madawati, na mbele ya choo kilichotitia ombi lako halina nguvu. Ustawi wa jamii wana bajeti ndogo, lakini kazi yenyewe ni yao, na ofisa wao atafurahi kupata shule iliyomwandalia hesabu.

Yetu ilikuwa hivi. Usafiri wa ofisa ustawi kuja shuleni mara mbili kwa mwezi, miezi 10, sh 20,000 kila safari: 400,000. Kugeuza stoo ya majembe kuwa chumba chenye mlango unaofungwa, pazia na viti: 350,000. Kabati la kufuli na madaftari: 250,000. Nauli za mwanafunzi na mlezi wake wakipewa rufaa kwenda hospitali ya Mawenzi, safari 12 kwa sh 10,000: 120,000. Jumla sh 1,120,000. Msizungushe iwe milioni 2 "kwa usalama". Mhasibu akiona tarakimu za mviringo anajua hamkwenda hata kuuliza bei ya mbao.

Kupunguza vipindi vya mwalimu wa malezi hakuna gharama, na ndilo nililopigania zaidi kwenye bodi. Mkuu wa shule ana posho ya madaraka ya sh 250,000 kwa mwezi. Mwalimu wa malezi hana, basi apewe muda. Tulifika vipindi 18, mwalimu mmoja akanuna muhula mzima.

Takwimu za kuambatisha ni idadi tu: waliokuja wenyewe, walioletwa, waliopewa rufaa. Majina yasitoke shuleni. Nimewahi kuona barua imeambatishwa orodha ya watoto na shida zao, ikapita mezani kwa watu tisa. Kesi ya ukatili isisubiri bajeti: ni Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au simu 116, siku hiyohiyo.

Sasa kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini ombi linaanza Septemba. Bodi ipitishe na muhtasari usainiwe. Oktoba lifike Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti, maana yeye ndiye atakayelitetea baraza la madiwani likikaa. Barua iandikwe kwa Mkurugenzi, K.K. (kupitia kwa) Mkuu wa Shule, K.K. Mtendaji wa Kata, na nakala mpelekee ofisa ustawi mkononi. Ikiruka ngazi moja itarudishwa, nanyi mtapoteza wiki tatu mkidhani inashughulikiwa.

Kuna miradi pia. SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, iliwafikishia sekondari mafunzo ya unasihi kupitia mpango wa Shule Salama. Mafunzo chukueni, ila nauli za kila mwezi msizitundike kwenye mradi. Marekani, baada ya watoto kupigwa risasi shuleni Uvalde mwaka 2022, walitenga dola bilioni 1 kwa wahudumu wa afya ya akili mashuleni. Aprili 2025 wizara yao ya elimu ikawaandikia wengi wa waliopewa kwamba fedha hazitaendelea. Kama wao yamewakuta, sisi je?

Bajeti ikipita msishangilie, hapo fedha bado haipo. Mapato ya ndani huingia kidogokidogo, na anayekumbusha ndiye anayelipwa. Mimi nilikwenda kila robo mwaka na nakala ya ukurasa wenye kasma yetu nimeupigia mstari. Robo ya kwanza sikupata kitu. Ya pili zilitoka za chumba, ya tatu za usafiri. Ofisa akichukua masurufu, yaani fedha za kazi anazotangulizwa, msaidieni kurejesha stakabadhi mapema, maana asiporejesha hapewi mengine na anayekosa huduma ni mtoto wenu.

Mwaka uliofuata niliandika ombi Septemba 14, kahawa bado imeanikwa uani. Kasma ileile. Chumba nilikiondoa kwa sababu kilishajengwa, nikaongeza safari za Mawenzi ziwe 20.