Jinsi ya Kuchagua, Kutunza na Kufungua Chupa ya Barolo

Barolo, mvinyo mwekundu wa Italia, ukinywewa ukiwa bado mchanga, tena una joto, hukausha ufizi kama bibo ambalo halijaiva. Wengi huishia hapo na kuuona mchungu. Ukakasi huo ni tabia ya nebbiolo, zabibu pekee inayoruhusiwa kwenye mvinyo huu, na ndio unaousaidia kudumu miaka 20 na zaidi. Kabla ya kununua, jua chupa imetoka kilima kipi na imekaa miaka mingapi. Ukifika nyumbani, ipe ubaridi na hewa.

Soma kilima kwanza

Barolo hutoka kwenye vilima vya Langhe, mkoa wa Piemonte, kusini-magharibi mwa mji wa Alba, katika maeneo ya vijiji 11. Nebbiolo huchipua mapema na kuiva mwisho, mara nyingi Oktoba, ukungu ukiwa umetanda mabondeni. Bila jua la kutosha haiivi. Ndiyo maana kanuni za Barolo zinakataza mizabibu ya bondeni na ya miteremko inayotazama kaskazini. Wakulima wa zamani walitumia kipimo rahisi: pale theluji inapoyeyuka kwanza, panda nebbiolo, penye baridi zaidi, panda dolcetto, zabibu nyingine ya huko inayoiva mapema. Ukiona neno bricco kwenye lebo, ni kilele cha kilima. Sorì ni mteremko unaopigwa jua.

Udongo ndio unaoamua muda wa kusubiri. Upande wa magharibi, kwenye kijiji cha La Morra na sehemu kubwa ya kijiji cha Barolo chenyewe, kuna mfinyanzi wa kijivu wenye chokaa. Mvinyo wake unanukia waridi mapema na ukakasi wake ni laini kidogo. Mingi hunyweka ikifika miaka 8 hivi. Mashariki, Serralunga d'Alba na Monforte d'Alba, udongo ni mkongwe zaidi na mgumu, wenye tabaka za mchanga. Huko mvinyo huwa mkavu na mzito, na kuufungua kabla ya miaka 10 au 12 ni kuupoteza. Castiglione Falletto iko katikati, kwa ramani na kwa ladha. Mpaka huu haukuchorwa kwa rula, na mkono wa mtengenezaji nao una nguvu, lakini kwa mnunuzi anayeanza unasaidia kuliko sifa zozote za muuzaji.

Kisha soma lebo

Barolo wa kawaida hukaa angalau miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati yake ndani ya mapipa ya mti. Ulioandikwa Riserva hukaa angalau miezi 62. Tangu mwaka 2010 majina ya mashamba yana orodha rasmi, kwa hiyo Cannubi au Brunate ni mahali halisi panapoonekana kwenye ramani. Uliza pia kuhusu mapipa. Miaka ya 1980 baadhi ya watengenezaji waliacha mapipa makubwa ya asili na kuchukua madogo mapya ya lita 225. Madogo huongeza harufu ya vanila na mti uliochomwa. Makubwa huacha zabibu iseme. Kwa nebbiolo, makubwa ni bora.

Bajeti ikibana, tafuta Langhe Nebbiolo. Ni zabibu ileile kwa kiasi cha asilimia 85 au zaidi, hailazimiki kukaa muda mrefu hivyo, na bei yake ni nafuu.

Kutunza na kufungua

Ilaze chupa gizani, kwenye nyuzi 12 hadi 14, ili kizibo kibaki na unyevu. Juu ya friji ni mahali pabaya kuliko pote: pana joto na mtikisiko.

Ushauri wa "joto la chumbani" ulitoka kwenye nyumba za Ulaya zenye baridi. Usiufuate Dar es Salaam wala Mombasa. Barolo hunywewa kwenye nyuzi 16 hadi 18. Ukizidi hapo, kilevi hupanda puani na kufunika waridi. Ukiwa wa baridi sana, ukakasi hukaza. Chupa iliyokuwa kwenye chumba chenye nyuzi 30, itumbukize kwenye ndoo ya maji na barafu kwa robo saa hivi, kisha onja.

Mvinyo wa chini ya miaka 10, umimine wote kwenye jagi la glasi lenye kitako kipana na uache saa mbili. Kuzibua chupa tu hakusaidii, kwa sababu hewa hugusa uso mdogo sana shingoni.

Wa zaidi ya miaka 20, fanya kinyume. Isimamishe chupa siku nzima ili mashapo yashuke. Zibua taratibu, maana kizibo kinaweza kumeguka. Weka mwanga nyuma ya shingo na umimine polepole bila kusita. Ukiona uzi mweusi unakaribia shingo, acha hapohapo. Kunywa upesi, kwani harufu yake hufifia ndani ya saa chache.

Rangi hafifu yenye ukingo wa chungwa isikutishe. Nebbiolo ndivyo ilivyo. Harufu ya boksi lililolowa ni kasoro ya kizibo, na hakuna dawa: rudisha chupa dukani. Kizibo kilichosukumwa juu pamoja na harufu ya matunda yaliyochemshwa ni dalili kwamba chupa ilipigwa joto njiani.