Kukwangua rangi ya shaba kwenye boti bila kuitia ziwani

Mteja mmoja hapa Goma aliniletea boti ya fibra iliyowahi kufanya kazi baharini, tumbo lote jekundu, akaniomba nimpakie rangi ileile. Nilimkatalia. Wekundu ule ni oksidi ya shaba. Inayeyuka majini kidogo kidogo ili wadudu wa baharini wenye gamba wasigande kwenye boti. Wadudu hao Ziwa Kivu hawamo. Sisi tunasumbuliwa na ukoga wa kijani tu, na ukoga unatoka kwa sponji.

Hatua ya 1. Soma kopo kabla ya kulipa. Ukikuta "oxyde cuivreux" au Cu2O, ndiyo oksidi hiyo ya shaba, liache dukani. Boti ikiwa ya alumini usibishane hata kidogo: shaba na alumini zikikutana majini, alumini inaliwa mpaka inatoboka.

Hatua ya 2. Vuta boti nchi kavu, mbali na ufuko, siku isiyo na dalili ya mvua. Tandika turubai zima chini yake, kingo ziinuliwe kwa mawe (mawe Goma hayakosekani).

Hatua ya 3. Kukwangua. Hapa ndipo mafundi wengi tunaharibu, na mimi nilikuwa mmoja wao: nilikwangua nikiwa nimesimama majini hadi magotini, maji yakageuka mekundu, nikaona kazi inakwenda vizuri. Shaba haiozi. Inaua mwani na konokono, inaumiza matamvua ya samaki. Kule San Diego, Marekani, kwenye bandari ya boti za starehe ya Shelter Island, rangi za boti zilijaza shaba majini hadi mwaka 2005 mamlaka ya maji ikaagiza ipunguzwe kwa asilimia 76. Maji ya pale yamezingirwa, hayabadilishani haraka na bahari. Sasa tazama vighuba vyetu: boti zimefungwa, na hatua chache pembeni mama anajaza bidoni (dumu) la maji.

Kwa hiyo lowesha msasa, usisugue pakavu, maana vumbi linaruka na linaingia kifuani. Vaa kashenezi (barakoa) na glavu. Maji machafu yakusanye ndooni, yaache yatulie usiku kucha. Tope la chini likauke juu ya turubai, kisha lifungie ndani ya bidoni lenye kifuniko pamoja na magamba ya rangi. Maji ya juu nayatumia tena kulowesha msasa. Usichome chochote.

Hatua ya 4. Paka rangi ya epoksi isiyo na shaba, tabaka mbili, ukifuata muda wa kukauka ulioandikwa kwenye kopo.

Hatua ya 5. Osha tumbo kwa sponji laini kila wiki mbili, kabla ukoga haujashika. Sponji ikitoka nyekundu, acha papo hapo: kuna kiraka cha rangi ya zamani ulichokiruka. Boti irudi kwenye turubai.