Siku ya mwisho ya kambi porini: jinsi ya kurudi wote wazima na bado mnasalimiana

Watu wakipanga kwenda kupiga kambi Rubondo (kile kisiwa cha hifadhi ya taifa ndani ya Ziwa Victoria) au visiwa vya kule Ukerewe, akili yote inaishia kwenye kwenda, nani ana hema, nani anajua kupika, nani analeta spika. Siku ya kurudi hamna anayeiwaza, na hiyo ndo siku kundi limechoka, miguu ina malengelenge, nguo zote zimelowa, afu kila mtu kichwani ameshafika nyumbani. Ndo siku mtu anateguka kifundo, simu inazama, na watu waliosoma wote wanagombana kisa sufuria. Kwaiyo hapa tunaongelea kumaliza tu, kwenda mtajijua wenyewe.

Anzeni jioni ya mwisho. Kuna huu ujanja wa kupika kila kilichobaki ili mabegi yawe mepesi, acheni kabisa. Ziwa likichafuka boti haiji, na mkilala siku ya ziada bila chakula mtachukiana vibaya sana. Bakizeni unga, dagaa wakavu, chumvi, sukari na maji ya kunywa ya mlo mmoja na zaidi kidogo, na huo mzigo abebe mtu mwenye roho ngumu asiyegawa hovyo. Jioni hiyohiyo, kama mtandao unashika, angalieni utabiri wa ziwa wa TMA (mamlaka ya hali ya hewa), na mpigieni mwenye boti mkubaliane saa, sio "asubuhi asubuhi".

Sasa saa yenyewe ya kuondoka ina mtihani wake. Ziwa linataka muwahi, maana jua likishapanda upepo wa kutoka ziwani unaanza kuvuma na kuanzia mchana mawimbi yanakuwa sio ya mchezo, hasa miezi ya kusi, ule upepo wa kusini. Lakini kiboko nao usiku wanatoka kula majani na alfajiri ndo wanarudi majini, ukikutana naye kwenye njia yake ukiwa katikati yake na maji hana muda wa kukusikiliza. Dawa yake ni kufunga mizigo usiku, kila kitu isipokuwa hema na cha kulalia, afu asubuhi msitoke mpaka kukiwa kweupe kabisa. Saa moja mnashusha hema, moja na nusu mnatembea. Mkiwa hifadhini askari wa hifadhi ndo anasema njia iko salama au la, hata kama kuna mjuaji kwenye kundi (yupo tu, kila kundi linaye). Na mkumbuke malipo ya TANAPA (wenye hifadhi za taifa) yanahesabiwa kwa saa 24, kwaiyo angalieni mliingia saa ngapi, msije kulipishwa siku nyingine kwa ajili ya selfi.

Moto msiufukie na mchanga mkajiona mmemaliza, chini unabaki unawaka kimyakimya. Mwaga maji, koroga na kijiti, mwaga tena, weka mgongo wa mkono karibu, ukisikia joto bado. Maji chota kwa ndoo yenye kamba ukiwa umesimama mbali na ukingo, usichutame pale kuosha masufuria maana mamba anapenda sana mtu mwenye mazoea. Takataka zote kwenye kiroba mrudi nazo, na mabaki ya chakula msiwaachie tumbili, mkishawazoesha wanaokuja nyuma yenu ndo watafunguliwa mahema.

Kwenye kutembea, kosa la siku ya mwisho ni wenye nguvu kukimbilia mbele kwa sababu wananusa nyumbani. Nyuma ya askari muwekeni aliyechoka kuliko wote, mwendo wake ndo mwendo wa kundi, na mwenye nguvu kuliko wote akae mkia. Kila mtu apewe namba, mkisimama mnahesabiana kwa sauti, moja, mbili, tatu, inaonekana ya kitoto ila hamna atakayebaki anachimba dawa nyuma ya kichaka huku nyie mmeshaondoka. Na yule aliyekuwa mchekeshaji siku zote afu leo kanyamaza, msimtanie, mpeni maji yenye sukari na chumvi kidogo na mumpunguzie begi.

Boti sasa, hapa naomba tuelewane. Tarehe 20 Septemba 2018 feri ya MV Nyerere ilipinduka ikiwa inakaribia kabisa gati la kisiwa cha Ukara, kule Ukerewe, watu zaidi ya 200 wakafa, gati wanaiona. Ilikuwa imebeba kupita uwezo. Kwaiyo mkiambiwa boti inachukua kumi na nyie na mizigo mmezidi, nendeni kwa awamu mbili, hela ya mafuta itatafutwa. Laifu jaketi inavaliwa na kufungwa mikanda tangu mnapanda mpaka umekanyaga nchi kavu, sio ya kukalia. Mizigo mizito iwe chini katikati. Na kile kipande cha mwisho, mkishaona mwalo wa Kasenda (pale boti za Rubondo zinaposhushia watu) na mtandao umerudi, mtu mmoja anasimama apige picha, wa pili anataka atokee, ghafla wote mko upande mmoja na boti imelala. Kaeni chini mpaka nahodha aseme shukeni, na mshuke mmojammoja.

Barabara ya kutoka Kasenda kurudi Mwanza haina maneno mengi: Muganza, Chato, Geita, Sengerema, afu tangu Juni 2025 mnapita juu ya daraja la Kigongo-Busisi badala ya kupanga foleni ya kivuko. Ila asiendeshe mwenzenu aliyelala porini, kodini Noah na dereva wake aliyelala kitandani, na namba zenu za kuhesabiana ziendelee mpaka Nyegezi, Mwanza, kila mtu akifika kwake anatuma "nimefika" kwenye grupu.

Kesho yake hema litandazwe hata kama unaumwa mgongo, likikaa limekunjwa na unyevu wiki moja tu litaota ukungu na ile harufu haitoki. Zipu ndo inakufaga kwa mchanga wa ziwa. Chukua mswaki wa zamani na maji, sugua meno ya zipu pande zote mbili, acha ikauke, afu pitisha mshumaa juu yake na uivute mara kadhaa, inateleza vizuri. Mshika hela atume hesabu ndani ya siku mbili na picha za risiti, chenji irudi hata kama ni elfu mbili, maana mkikaa nayo mwezi inakuwa kesi.

Afya msiichukulie poa. Homa ikikupata kuanzia kama wiki moja baada ya kurudi, kapime malaria siku hiyohiyo, na mwambie daktari ulikuwa porini kwenye mbung'o, Rubondo wapo, ili afikirie na malale (ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o), asipoambiwa hawezi kujua. Kwa mlioogelea au kuingia majini miguu mitupu pale kwenye magugu kuna kichocho, vijidudu vyake vinapenya kwenye ngozi nzima bila kidonda. Ukipima choo wiki hiyohiyo majibu yatakudanganya kwa sababu minyoo haijaanza kutaga, subiri wiki sita mpaka nane. Wekeni tarehe moja kwenye grupu mwende wote, mtu wa peke yake ataahirisha mpaka asahau. Ukikutwa nacho dawa ni prazikwanteli, daktari anakadiria kulingana na uzito wako, na uimeze umeshakula, tumbo tupu itakusumbua.